Chaki Niliyoifuta

Zaituni mwanangu,

Blanketi, chandarua, kadi ya bima, namba ya simu ya shangazi yako wa Mikumi: hayo yote mama yako ameshayasema tangu juzi, na kesho asubuhi atayasema tena mpaka gari likate kona. Mimi hapo sina la kuongeza. Nitakuandikia lile ambalo nimejaribu kukwambia kwa mdomo leo mara tatu. Mara ya kwanza uliniuliza, "Baba, unataka spana namba ngapi?" nikasema kumi na saba. Mara ya pili aliingia mteja. Mara ya tatu hakuingia mtu yeyote, tulikuwa wawili tu, na bado nikasema kumi na saba.

Najua Mikumi si ng'ambo. Watu watacheka wakisikia fundi mzima amekaa kuandika barua kwa mtoto anayekwenda mwendo wa saa mbili. Wacheke. Wewe umekwenda kuwaaga shangazi zako, na mimi niko kwenye benchi la gereji na lile daftari la kuandikia spea, jua la saa kumi linanipiga mgongoni. Mikono nimeinawa kwa sabuni ya unga mara mbili lakini karatasi imeshapata alama za vidole. Nivumilie.

Nianze na kopo. Unalijua lile kopo la grisi lenye kifuniko kilichobonyea, juu kabisa kwenye rafu ya spea chakavu. Ulipokuwa darasa la tano ulipanda juu ya tairi ukalishika, nikakuchapa kofi la mkono. Sijawahi kukupiga kabla ya siku ile wala baada yake. Ulilia, mama yako akauliza kuna nini humo, nikasema asidi. Hakukuwa na asidi. Kulikuwa na kipande cha chuma, nusu ya kikombe cha jointi ya ekseli ya mbele, nami nimekificha humo miaka yote kwa sababu sikuwa na moyo wa kukitupa wala wa kumwonyesha mtu.

Wewe unamjua mjomba wako Chande wa kuziba pancha, anayekaa kwenye kona ya gereji yetu na mguu wake ameunyoosha mbele, maana goti halikunji. Kwako Chande ndiye huyo. Lakini ulipokuwa darasa la tatu kaka huyo wa mama yako alikuwa dereva, na nakwambia hapa Kilosa hakukuwa na dereva wa kumfikia. Aliendesha pikapu ya foo wili, ile inayosukuma matairi yote manne, ya tajiri mmoja wa mahindi, akipanda milimani huko nyuma ya Masanze, njia ambazo hata mbuzi anafikiria mara mbili. Masika alikwenda, kiangazi alikwenda. Alikuwa na majivuno yake, kofia upande, lakini gari lilimsikiliza.

Basi asubuhi moja, mvua zimeshaanza, akaja na gari linalia. Ka, ka, ka, kila akikata kona. Mlio ule ambao leo ukiwa jikoni unaniambia, "Baba, jointi hiyo." Siku hiyo hiyo alitakiwa apande kufuata mahindi ya watu kabla njia haijafungwa na mvua. Nikalitega kwenye jeki, nikatoa tairi, nikafungua mpaka kwenye lile bakuli la chuma nyuma ya tairi. Lo! Sili ya ndani, ule mpira unaozuia oili isipite, ilikuwa imekufa zamani. Oili ya difu imeingia kwenye grisi, vimepikana humo mpaka vimekuwa uji mweusi unaonuka mayai viza. Ukanimwagikia mpaka kwapani. Mama yako anadhani siupendi uji wake wa ulezi. Uji wake hauna kosa lolote.

Nikaichomoa ekseli, jointi ikiwa kwenye ncha yake. Wewe hiyo jointi unaijua, lakini acha niiseme taratibu, maana kitu nilichokijua kuliko vyote ndicho nilichokifanyia ushenzi. Kikombe cha chuma, gololi sita ndani yake, na ile nyota ya katikati inayozibeba. Hiyo ndiyo inayoruhusu tairi la mbele likate kona huku injini inalisukuma. Ikipasuka uko kwenye lami, unaweza ufike nyumbani bila kujua. Ikipasuka mlimani, foo wili umeiweka, usukani umeukata mpaka mwisho, vipande vinaweza kujibana humo ndani na tairi lisirudi tena. Unabaki umeshika usukani ambao haukusikilizi.

Nikafanya kama nilivyofundishwa Kidodi, kwenye malori ya miwa, nilipokuwa na umri wako. Nikaiosha jointi kwa dizeli, nikaifuta mpaka ikakauka, nikasaga chaki nikaipaka yote ikawa nyeupe. Ukingoja kidogo, dizeli iliyojificha ndani ya ufa inatoka yenyewe na kuilowesha chaki. Sikungoja hata muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Mstari ukatokea, mwembamba, kutoka ukingoni mwa kikombe mpaka nusu yake. Niliuona kwa macho yangu mawili, mchana kweupe. Hakuna mwingine aliyeuona.

Sasa utataka kujua kwa nini. Usitafute sababu ya maana, haipo. Haikuwa njaa. Haikuwa fedha, tajiri alikuwa tayari kuagiza jointi mpya Morogoro, ingefika kesho kutwa yake. Ni kwamba ng'ambo ya reli kulikuwa na fundi mwingine, na asubuhi ile alipita na baiskeli yake akasema mbele ya watu wa kahawa, "Hilo leo linalala hapo." Nami nikamjibu, "Adhuhuri haitalikuta." Watu wakacheka. Basi. Hiyo ndiyo sababu yote, Zaituni. Nimetafuta nyingine miaka hii yote, hata yenye nafuu kidogo, sijaipata.

Nikachukua kitambaa, nikaifuta chaki.

Kisha nikafanya ule mchezo. Nikafungua na upande wa pili, jointi ya kushoto nikaivisha kulia, ya kulia nikaivisha kushoto. Njia za gololi zikaanza kusuguliwa upande ambao haujalika, na mlio ukakatika palepale. Nikashindilia grisi mpya mpaka ikatokeza. Chande akazunguka uwanja wa mpira mara mbili, gari kimya, akarudi anacheka meno yote nje. "Shemeji, wewe si fundi, wewe daktari!" Watu wa kahawa wakapiga makofi. Adhuhuri ilikuwa bado. Nikamwambia, "Imepona." Nililisema neno hilo kwa mdomo huu huu ninaolia chakula na ninaokuitia wewe mwanangu.

Saa tisa akaja kijana wa pikipiki. Gari la Chande limeingia korongoni, kona ya tatu ya kupanda. Mwenyewe alibanwa mguu, wamemtoa, wako njiani wanampeleka hospitali. Mama yako akajifunga kanga akatoka mbio, kiatu kimoja akakiacha mlangoni.

Hapa soma vizuri, usiruke mstari. Mimi nilichukua spana, jeki na debe, nikapanda ile pikipiki, nikamwambia kijana, "Nipeleke kwenye gari." Kwenye gari, Zaituni. Si hospitali. Mama yako mpaka juzi alikuwa akiwaambia watu kwamba nilikwenda kuokoa mali ya tajiri wa watu, kwamba ndivyo nilivyo, nawajali watu wote. Nilikwenda kuwahi kabla fundi mwingine hajafungua.

Nililala chali kwenye tope jekundu, mvua inanipiga usoni, nikafungua. Grisi niliyoishindilia asubuhi sasa ilikuwa na chuma ndani. Nikatumbukiza mkono nikavitoa vipande kimoja kimoja, kama mtu anayetoa matumbo ya kuku. Kipande kikubwa, upande mmoja wa mvunjiko ulikuwa mweusi, ufa wa zamani; upande mwingine unang'aa, chuma kilichokatika siku ileile. Fundi yeyote angekiona angejua. Mtoto angejua. Nikavitia kwenye debe, nikafunika na majani. Kwenye mlango wa dereva kulikuwa na damu inayooshwa na mvua. Niliiona nikaipita.

Nilifika hospitali nimeshanawa na kubadili shati. Chande alikuwa amefumba macho. Alipofumbua alinishika mkono, akasema, "Shemeji, nisamehe. Wewe umenitengenezea gari vizuri, mimi nimeingia kona vibaya."

Nikamjibu, "Pole. Mambo ya barabara."

Ptuu! Nimeandika maneno hayo na nimetema kweli, hapa chini pembeni ya benchi. Usinicheke.

Na haikuishia hapo. Kesho yake nikiwa kahawani watu wananipa pole, mmoja akauliza ilikuwaje. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Kunyamaza tu, hakuna aliyenitaka kiapo. Nikasema, "Shemeji yangu naye anapenda kukanyaga mafuta." Nililisema mara moja, na mji ukalibeba. Mpaka leo ukitaja jina la Chande, atatokea mtu aseme, "Yule aliyependa mbio." Mguu aliupoteza kona ya tatu. Jina nilimpotezea mimi, nimekaa kwenye benchi, kikombe mkononi.

Goti halikukunja tena, na mguu wa kushoto usiokunja haukanyagi klachi. Nikampa ile kona ya gereji azibe pancha. Watu wakasema fundi ana moyo, angalia anavyomtunza shemeji yake. Shehe alinitaja kuwa mfano msikitini, mimi nimekaa safu ya pili. Kila asubuhi Chande ananiletea maandazi mawili kwenye gazeti, eti ya fadhila. Nimeyala. Miaka yote nimeyala, nayameza na chai, na hakuna hata moja lililowahi kushuka vizuri.

Wewe ulimpenda bila kuambiwa. Ndiye aliyekufundisha kuendesha. Alikaa upande wa abiria na kale kafimbo kake kafupi, akagonga dashibodi: mara moja kanyaga klachi, mara mbili achia. Mimi nilikuwa nawatazama mnazunguka uwanja uleule wa mpira, wewe ulimi umeutoa nje kwa kukazana, yeye anagonga. Ulipobadilisha gia ya tatu bila kukwaruza alipiga kelele mpaka watu wakatoka madukani. Nilikwenda nikajificha nyuma ya gereji nikajitia natafuta bolti.

Sasa tuje kwenye Alhamisi, maana bila Alhamisi barua hii isingeandikwa. Ningekufa na kopo langu.

Nilikwenda msibani Masanze nikakuachia lile gari la bwana wa Magole, lile la foo wili linalopeleka walimu milimani, nalo lilikuwa linalia kwenye kona. Niliporudi ulikuwa unafuta mikono, watu wa kahawa wamekuzunguka.

"Baba, nimemaliza. Sikiliza."

Ukaliendesha ukalikata kulia, ukalikata kushoto. Kimya kabisa.

"Umefanyaje?"

"Nimehamisha ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Kama wewe." Halafu ukacheka, ukasema, "Imepona."

Mzee mmoja akasema, "Ama kweli mtoto wa fundi!" Wakakupigia makofi. Nami nikacheka nao, nikakupiga begani nikasema safi sana, nikaenda nyuma ya gereji nikaitapika chai yote ya msibani. Nilikwambia nimekula ubwabwa uliolala. Ubwabwa wa watu haukuwa na kosa, kama uji wa mama yako.

Kilichonitia kichefuchefu si kwamba ulikosea. Ulifunga vizuri kuliko mimi. Nati umezikaza sawa, sili mpya umeipachika bila kuichuna, grisi haikumwagika hata tone. Kazi safi juu ya uchafu wangu. Nilikuwa najiangalia mimi mwenyewe, kijana zaidi, mikono hodari zaidi, na hata haya huna kwa sababu hukujua kwamba kuna cha kuonea haya. Mchezo ule nilikufundisha mimi. Nilikuonyesha mara nne, mara tano, na kila mara nikasema, "Hii inaokoa muda." Chaki sikukuonyesha hata siku moja. Tangu kona ile sikushika chaki kwenye chuma mpaka Jumamosi. Fundi asiyetaka kuona ufa hapaki chaki, na mtoto wake hajui hata kama chaki ipo.

Jumamosi ulipokwenda sokoni nikalifungua gari la watu. Uliporudi ukakuta liko juu ya magogo, ukaniuliza, nikasema sili inavuja. Uongo. Sili yako ilikuwa kavu kama mfupa. Nilizichomoa jointi zote mbili, nikaziosha, nikazipaka chaki, nikakaa chini kungoja. Niseme ukweli? Nilitaka uwepo ufa. Nilitaka niwe na kitu cha kukushikia mbele ya macho nikukaripie, nipate kujisikia baba. Nikangoja mpaka jua likahama kutoka mlangoni mpaka kwenye pipa la maji.

Haukuwepo. Jointi zimelika vibaya, lakini ni nzima.

Usifurahi. Hukujua. Walimu sita wangepanda mlima Jumatatu kwa bahati yako, kama vile Chande alivyopanda kwa bahati yangu. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliuona nikaufuta, na wewe hukuangalia, na hata huko kutoangalia ulijifunza kwangu.

Nikampigia simu bwana wa Magole nikamwambia gari halitoki mpaka jointi mpya zije. Akafoka: "Binti yako ameniambia imepona!" Nikamwambia, "Amekosea, na kosa ni langu, nimemfundisha vibaya." Akanitukana tusi moja ambalo sitaliandika hapa. Ndiyo, nimekuvunjia heshima kwa mteja wako wa kwanza. Kasirika. Una haki. Ningependa ukasirike leo kuliko ucheke vile ulivyocheka Alhamisi.

Nilidhani nikifanya hivyo nitapata nafuu. Wapi!  Nikajua kwamba siwezi kukuandikia habari za chaki na kumwacha yule mwingine amekaa kwenye kigoda chake, ananiletea maandazi. Basi jana asubuhi, ulipokuwa unafua, nikalishusha kopo. Nikakiosha kile kipande kwa dizeli, nikakifuta. Nikaenda kwenye kona yake, nikachuchumaa, nikamwekea kwenye kiganja.

"Nini hii?"

"Jointi ya gari lako. Nilikuta ufa asubuhi ile. Nikaufuta nikakupa gari."

 Alikigeuza, akaona upande mweusi, akaona upande uliokuwa unang'aa zamani. Dereva wa miaka mingi anajua kusoma chuma. Nilingoja anipige nacho. Kwa kweli nilikaa vizuri ili asikose. Nje mtu alikuwa anapiga honi anataka kujaziwa upepo, hakuna aliyemjibu.

Mwishowe akauliza, sauti ndogo mno, sijawahi kumsikia nayo: "Kwa hiyo kona niliiingia vizuri?"

"Vizuri," nikamwambia.

"Usukani uligoma wenyewe."

"Uligoma wenyewe. Hakuna dereva ambaye angeurudisha."

Akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu. Zaituni, miaka yote ile yule mtu alikuwa amelala na kona ile. Si mguu uliokuwa unamuuma. Amekuwa akiiingia kila siku upya kichwani, akipunguza mwendo hapa, akibadilisha gia pale, akitafuta alipokosea. Nilikuwa na jibu lake ndani ya kopo, juu ya kichwa chake, umbali wa mkono.

Akasimama. Akakitia kile kipande mfukoni, akachukua fimbo yake, akatoka. Vyuma vyake vya kubandulia tairi ameviacha. Leo hajaja. Kigoda chake kiko palepale, na watu wawili wa pancha nimewaambia mwenye kazi hayupo. Hakuna maandazi. Asubuhi nilikunywa chai tupu, na sijui nikueleze vipi, ndiyo chai ya kwanza kushuka.

Mama yako ameshaambiwa, nadhani na kaka yake. Nimejua kwa sababu jana jioni aliniwekea chakula mezani, akatoka, akaenda kula uani. Wewe anakuficha mpaka uondoke, ndiyo maana anasema sana habari za chandarua. Hilo ni lake na langu. Usijaribu kutupatanisha kwa simu.

Sasa wewe kesho unakwenda kutunza magari ya kambi ya watalii. Sitakwambia uwe mwaminifu, mtu gani mimi wa kukwambia hivyo? Nakwambia utakachokutana nacho tu. Magari hayo yanatoka alfajiri na wageni, yanaingia porini mahali ambapo huwezi kushuka ukatembea kwa miguu kutafuta fundi. Dereva atakuja na haraka yake, msimamizi na yake. Wewe ni msichana, tena mgeni, kwa hiyo siku ya kwanza tu atatokea mwanamume aseme mbele ya watu, "Hilo leo linalala." Utasikia joto linapanda shingoni. Nalijua joto hilo, umelirithi kwangu pamoja na vidole hivi vifupi. Mkono wenyewe utakwenda kutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato utaijua, maana niliyekuonyesha ni mimi.

Liache gari lilale. Utachekwa mpaka jioni, halafu watu watakwenda kula.

Na wakikupigia makofi, mwanangu, yaogope. Mimi nikisikia makofi mpaka leo, hata ya harusini, puani inakuja harufu ya mayai viza.

Kwenye boksi lako la spana, trei ya chini, nimekuwekea chaki paketi nzima. Osha kwa dizeli, futa mpaka pakauke, paka, kaa ungoje. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Mimi sikushindwa kuosha wala kupaka; nilishindwa kungoja jointi mpya ije.

Jua limefika kwenye pipa. Saa hizi watu wa kahawa wanaanza kukusanyika, wengi ni walewale waliopiga makofi, wamezeeka tu. Asubuhi nilikwenda kuwaambia. Nilikunywa vikombe viwili, nikasikiliza habari za bei ya mbaazi, nikarudi. Njiani nikajiona jinsi nilivyokuwa nachekacheka nao. Nikimaliza mstari huu nakwenda tena, na safari hii nitasema nikiwa nimesimama, kabla sijapokea kikombe. Nitaanza na yale niliyosema mimi: kwamba alipenda mbio.

Kesho saa mbili gari la kambi litakuchukua pale njia inapokata reli. Chande alikuahidi atakuja kukuaga, na kwamba atakupa kale kafimbo. Sijui kama atakuja. Asipokuja, usimnunie na usimuulize mama yako. Sababu ni mimi.

Akija, tutakuwa tumesimama hapo wote wawili, yeye na mimi, na sidhani kama atasimama karibu yangu. Mwamkie yeye kwanza. Mpe shikamoo yake kamili, umeinama, mbele ya dereva na mbele ya watu wote watakaokuwepo, halafu ndipo uje kwangu kama bado utataka. Na akikuuliza baba yako amekuandikia nini kurasa zote hizi, usimsomee. Mwambie neno moja tu, kwa sauti, watu wasikie: kona uliiingia vizuri, mjomba.

Baba yako